Uliza Jumla Kabla Hujashika Kalamu

Wapendwa wa Lindi, nanyi wa Makina, Laini Saba na Gatwekera, na ninyi wa ng'ambo ya Barabara ya Ngong hadi Kawangware, Gatina na Kabiro, nisikilizeni. Kabla hujatia sahihi kwenye karatasi ya gari la mkopo, mwulize anayekuuzia: "Jumla ni ngapi?" Usiulize ya siku. Usiulize ya mwezi. Usiulize unaanza na ngapi. Uliza jumla, tangu shilingi ya kwanza itakayotoka mfukoni mwako leo mpaka shilingi ya mwisho itakayokupa logibuku, hati ya umiliki wa gari, yenye jina lako peke yako. Asipojibu, ondoka. Akijibu kwa mdomo, mpe karatasi aandike. Akikataa kuandika, ondoka upesi zaidi.

Barabara ya Ngong imetukaa katikati. Huku Kibera, kule Kawangware, na kandokando yake yadi za magari zimefuatana. Kijana anayetoka Lindi alfajiri kwenda kibarua Kilimani anapita mbele ya Vitz, Demio na Probox zilizooshwa zikang'aa, na kwenye kioo cha mbele pamebandikwa tarakimu kubwa: malipo ya kwanza kiasi hiki, kwa mwezi kiasi hiki. Bei ya gari haionekani. Jumla haimo kabisa. Naye anarudi jioni akipiga hesabu moyoni: nikipata wateja watano kwa siku, nikitoa ya mafuta, nikitoa ya mwezi, kitu kitabaki. Ndoto hiyo si dhambi. Mtu kutaka chombo chake mwenyewe, aache kuendesha cha tajiri na kupeleka hesabu ya watu kila jioni, ni jambo la heshima, wala sitasimama mbele yenu kumkemea yeyote kwa kutamani kujitegemea. Ninachokemea, na nitaendelea kukikemea, ni kutia sahihi bila kujua umenunua kwa bei gani.

Sisi tumelelewa na kadogo. Mafuta ya kupikia tunapimiwa ya shilingi ishirini. Stima tunanunua tokeni ya hamsini. Maji tunanunua kwa mtungi, na kila mama wa Lindi anajua kwamba mwenye kununua kwa mtungi hulipa zaidi kwa kila lita kuliko mwenye bomba ndani ya nyumba. Kadogo imetuvusha siku nyingi ambazo bila hiyo watoto wangelala njaa, nami siidharau. Lakini imetufundisha kuuliza swali moja tu, "leo ngapi?", na anayekuuzia gari kwa mkopo analijua hilo kuliko unavyolijua wewe. Ndiyo maana hakutajii milioni moja na laki saba. Anakutajia elfu ishirini na nane kwa mwezi. Ndiyo maana mwenye pikipiki hakutajii laki mbili na themanini na tisa elfu; anakutajia mia nne na themanini kwa siku, nawe unajiambia, mia nne na themanini nitakosa wapi?

Basi tuketi tuhesabu pamoja, polepole, kwa mfano ambao hata mtoto wa darasa la saba anaweza kuukagua. Gari ni la shilingi 1,200,000. Unatoa 360,000, unakopa 840,000, unapewa miaka minne. Mkopeshaji anasema riba ni asilimia 15 kwa mwaka. Hapo ndipo umsimamishe. Asilimia 15 ya nini? Kama ni asilimia 15 ya deni lote la mwanzo, kila mwaka, hata ule mwaka wa nne ambapo umeshalipa sehemu kubwa, basi riba ni 126,000 mara nne, yaani 504,000, na kila mwezi unalipa 28,000. Kama ni asilimia 15 ya deni lililobaki, inayopungua kadiri unavyolipa, utalipa kama 23,400 kwa mwezi, na riba yote haitafika 283,000. Gari ni lile lile. Miaka ni ile ile. Tarakimu uliyotajiwa ni ile ile. Lakini njia moja imekutoa zaidi ya shilingi 220,000 kuliko nyingine, na hizo zinatosha kulipa chumba cha shilingi 3,000 kwa mwezi kwa miaka sita. Miaka sita ya kodi, ndugu yangu, imekwenda kwa sababu hukuuliza "ya nini?"

Na ile riba ya namna ya kwanza, ukiipima kwa kipimo cha riba inayopungua, haibaki 15. Inakaribia 25. Kwa hiyo usilinganishe benki na duka la mikopo kwa kutazama asilimia waliyoandika ukutani, kwa maana huenda kila mmoja anapima kwa kipimo chake. Na akikwambia asilimia tatu, uliza mara moja kama ni kwa mwaka au kwa mwezi. Wengi wanaokopesha kwa dhamana ya logibuku hutaja riba ya mwezi. Tatu kwa mwezi ni thelathini na sita kwa mwaka.

Nawe wa bodaboda, hesabu yako nayo iko hapa. Tuseme pikipiki inauzwa taslimu 170,000. Unatoa 30,000, kisha 480 kila siku kwa miezi kumi na minane. Siku 540 mara 480 ni 259,200. Ongeza ile 30,000, umenunua pikipiki ya 170,000 kwa 289,200. Ulikopeshwa 140,000 ukarudisha 259,200. Labda bado utakubali, na una haki ya kukubali, kwa sababu pikipiki inakulisha tangu siku ya kwanza na huna mahali pengine pa kupata laki moja na arobaini. Lakini ukubali ukiwa unajua. Tena siku hizo 540 si zote za kazi. Zina Jumapili ndani yake, zina mvua ya Aprili inayogeuza njia za Lindi kuwa tope, zina homa, zina safari ya msiba Siaya au Kakamega, zina siku ya kukamatwa na siku ya maandamano ambapo hakuna gurudumu linalozunguka. Deni halina Jumapili. Kwa hiyo usigawanye jumla kwa siku zote za kalenda. Igawanye kwa siku unazopata pesa kweli, halafu jiulize upya kama 480 bado ni 480.

Neno hili la kuhesabu na kuandika deni si langu. Waislamu wenzetu wa hapa, pamoja na Wanubi ambao babu zao waliishi Kibera kabla ya mabati ya kwanza ya wengi wetu, wanajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika sura ya Al-Baqara, haihusu vita wala sala. Inahusu deni: liandikwe, likiwa dogo au kubwa, na muda wake, na mashahidi wawepo. Tafakari uzito wa jambo hilo. Na Wakristo tunajua kwamba katika Luka 14 Bwana anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, na jambo la kwanza analotarajiwa kufanya si kununua mawe, ni kukaa chini ahesabu gharama yote mpaka mwisho, asije akaishia msingi watu wakamcheka. Tena katika Kumbukumbu la Torati sura ya 24 imekatazwa kuchukua rehani jiwe la kusagia, kwa sababu anayechukua chombo kinachomlisha mtu amechukua uhai wake. Leo chombo kinachokulisha ndicho chenyewe dhamana. Wakikichukua, wanachukua gari pamoja na njia ya kulilipia. Mtu aliyenyang'anywa pikipiki Jumatatu hana tena pa kupata pesa ya kuikomboa Ijumaa. Msikilizeni Mungu katika jambo hili, ninyi mnaokopesha pia, maana najua baadhi yenu mnasali pamoja nasi.

Sasa nisikilize unapoingia yadi. Ingia kama mnunuzi wa taslimu. Usitaje mkopo kabla hujapatana bei ya gari lenyewe, kwa maana ukianza na mkopo, mwuzaji atahama kutoka bei hadi mwezi, na huko kwenye mwezi anaweza kukuongezea mwaka mzima wa malipo nawe ukadhani amekupunguzia. Patana bei, iandikwe. Halafu ndipo useme unataka kulipa kidogo kidogo, na uulize jumla sasa imekuwa ngapi. Tofauti ya tarakimu hizo mbili ndiyo bei ya mkopo. Chukua karatasi hiyo uende nayo kwa mkopeshaji wa pili na wa tatu. Hakuna anayekukataza. Gari hilo halitaondoka kesho kwa sababu kijana wa mauzo amesema kuna mteja mwingine anakuja saa nane. Na likiondoka, Barabara ya Ngong ina mengine.

Usidanganywe na namba mpya pia. Magari mengi tunayoyaita mapya hapa kwetu yalishatumika Japani. Kanuni zetu zinakataza kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu kusajiliwa kwa mara ya kwanza, kwa hiyo gari lenye namba iliyotoka mwezi huu linaweza kuwa limetembea miaka saba huko lilikotoka. Namba inaonyesha lilisajiliwa lini Kenya, haionyeshi umri wake. Ukikopa miaka minne kwa gari la miaka saba, utamaliza kulipa likiwa na kumi na moja. Mpeleke fundi wako unayemwamini, si fundi wa yadi. Na kama unanunua kwa mtu binafsi, lipa ile shilingi 550 ya kutafuta kumbukumbu za gari NTSA, mamlaka ya usafiri barabarani, uone ni la nani na kama benki imeandikwa juu yake. Tangu sheria ya mwaka 2017 ya dhamana za mali zinazohamishika, kuna pia daftari ambamo wakopeshaji huandikisha madai yao. Kuna watu wametoa akiba ya miaka kununua gari ambalo deni la mwenzao lilikuwa bado limelala ndani yake.

Halafu kuna gharama zinazoingia kwa mlango wa nyuma. Ada ya kushughulikia maombi. Ada ya kukadiria thamani ya gari. Kifaa cha kufuatilia gari, ambacho wewe unakilipia ili wao wajue liko wapi. Uhamisho wa jina. Bima: mkopeshaji hatakubali ile ndogo ya kulinda watu wengine tu, atataka bima inayofidia gari lenyewe, kila mwaka mpaka deni liishe, na gari la abiria hulipishwa zaidi ya gari la nyumbani. Wengine huijumlisha bima kwenye mkopo, na hapo unalipa riba juu ya bima. Na sisi wa Lindi tuna gharama ambayo haimo kwenye karatasi ya mtu yeyote: gari litalala wapi? Vichochoro vyetu havipitishi toroli mbili zikipishana. Utalilaza kando ya barabara kubwa kwa mlinzi wa kulipwa kila usiku, nayo ni jumla.

Nataka mkumbuke yaliyotokea kwa madereva wa teksi za mtandao, maana wengi wao wanalala Kawangware na Kibera. Uber iliingia Nairobi mwaka 2015. Vijana waliona nauli ile, wakaigawanya, wakaona inatosha kulipa gari, wakakopa. Mwaka 2016 kampuni ikapunguza nauli ili ipate wateja zaidi. Madereva waligoma, waliandamana. Mwaka 2018 ikaletwa huduma ya bei ya chini zaidi iliyotumia Suzuki Alto ndogo, mpya kabisa, nazo zikiwa na mpango wa mkopo wa benki. Machi 2020 ikaja korona na amri ya kutotoka nje usiku, saa zile zile ambazo teksi hupata. Septemba 2023 lita ya petroli Nairobi ikapita shilingi 211, baada ya kodi ya VAT kwenye mafuta kupandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Tazameni mwendo huo. Nauli ilibadilika, mafuta yalibadilika, saa za kazi zilibadilika. Kilichobaki palepale ni malipo ya mwezi. Aliyepiga hesabu ya mkopo kwa pato la mwezi wake mzuri kuliko yote alikuwa ameshapotea kabla ya tarakimu moja kubadilika. Kwa hiyo piga hesabu kwa mwezi wako mbaya. Ule mwezi uliokopa unga. Kama malipo yanaingia humo, endelea. Kama hayaingii, ongeza malipo ya kwanza au ushuke kwa gari dogo, au ungoje.

Kungoja! Najua hamlipendi neno hili. Lakini niambieni nani kati yenu hana chama. Sacco nyingi za Kenya, yaani vyama vya akiba na mikopo, hukopesha hadi mara tatu ya akiba yako, kwa asilimia moja kwa mwezi ya deni lililobaki. Ile 840,000 yetu, kwa masharti hayo na miaka minne, inalipwa kwa kama 22,100 kila mwezi, na riba yote ni kama 222,000. Linganisha na 504,000. Ndiyo, unahitaji akiba kwanza, karibu laki mbili na themanini, na wadhamini wanaokujua. Lakini ile 360,000 uliyokuwa unaikimbiza yadi kama malipo ya kwanza, ungeiweka sacco kwanza, ingekufungulia mlango huo baada ya muda waliouweka. Na mwenye kuogopa riba kwa sababu ya dini yake asidhani hana pa kwenda. Tangu 2008 Kenya ina benki zinazofuata sharia. Gulf African ni mojawapo. Katika murabaha benki hununua gari, kisha inakuuzia wewe kwa bei ya juu ambayo imetajwa yote siku ya kwanza, pamoja na faida yake. Sisemi ni rahisi daima kuliko nyingine. Pima nayo kama nyingine. Ninachokipenda pale ni kwamba muuzaji analazimika kufanya kile ninachowapigia kelele hapa: kutaja jumla.

Sasa sheria, na hapa ninawaomba mvute masikio. Kenya ina Sheria ya ununuzi kwa awamu, Sura ya 507, iliyotungwa mwaka 1968. Inamtaka mwenye mali akutajie bei ya taslimu kwa maandishi kabla hamjafunga mkataba. Inataka mkataba uandikishwe kwa msajili. Na ina kifungu ambacho ningetaka kila dereva wa hapa akijue kama anavyojua jina la mama yake: ukishalipa theluthi mbili za bei yote, mwenye mali hana ruhusa kulichukua gari hivi hivi. Ni lazima aende mahakamani. Kama bei yote ni 900,000 na umelipa 600,000, dalali anayekuja usiku bila amri ya korti hana mamlaka juu ya gari hilo. Wangapi kati yetu wamelipa zaidi ya hapo, wakafuatwa kwenye steji, wakatoa funguo kwa hofu, wakarudi nyumbani kwa miguu?

Lakini kuweni macho. Mikataba mingi ya siku hizi haikuandikwa kama ununuzi kwa awamu. Imeandikwa kama mkopo, na gari kuwa dhamana, logibuku ikiwa na majina mawili, la kwako na la mkopeshaji. Hapo huenda kinga ya theluthi mbili isikufikie, na utakuwa chini ya ile sheria ya dhamana ya 2017. Ndiyo maana nasema omba nakala ya mkataba uende nayo nyumbani usiku mmoja kabla ya kutia sahihi. Usiku mmoja tu. Msomee mke wako. Msomee mume wako. Mpe binti yako aliyemaliza kidato cha nne akusomee kwa sauti kile Kiingereza. Tafuta ndani yake mambo haya: huu ni mkataba wa aina gani; nikichelewa siku moja natozwa nini; wakilichukua gari nalipa nini ili nilikomboe, pamoja na ya dalali na ya uwanja linakolala; wakiliuza kwa bei ya chini, bado nitadaiwa kilichobaki? Mara nyingi jibu la mwisho ni ndiyo. Mtu anaweza kupoteza gari na bado akawa na deni, na jina lake likapelekwa CRB, ofisi ya kumbukumbu za mikopo. Na uliza: nikipata pesa nikalipa mapema, riba inapungua au nalipa ile ile yote? Mwenye kukudai riba ya miezi ambayo hukuitumia pesa yake, mwambie umesikia, na umwache.

Uliza pia nani anamsimamia mkopeshaji huyo. Wakati wa korona, Benki Kuu ilifungua njia kwa waliokopa benki kuomba muda zaidi. Aliyekopa kwa mtu asiyesimamiwa na yeyote hakuwa na mlango wa kubisha. Mwaka 2022 Benki Kuu ilianza kutoa leseni kwa wakopeshaji wa kidijitali, na sheria ya mwishoni mwa 2024 ikapanua mamlaka yake kwa wakopeshaji wengine wasiopokea akiba za watu. Majina ya waliopewa leseni yanachapishwa. Tafuta jina hilo kabla hujatuma pesa. Na anayekopa benki aulize kama riba yake inapanda na kushuka. Riba ya Benki Kuu ilikuwa asilimia 13 katikati ya 2024, ikaanza kushushwa Agosti mwaka huo. Kama yako ilipanda nyingine zilipopanda, dai ishuke zinaposhuka. Nenda na barua. Usione haya. Ni pesa yako.

Na wewe mama, mjomba au rafiki unayeombwa kuwa mdhamini: omba nawe nakala ya mkataba. Kudhamini si kumtakia mtu heri. Ni kuahidi kulipa. Nimeona akiba ya mjane ikikatwa kwa gari ambalo hajawahi kulipanda. Kijana wangu, usimfanye mama yako atie sahihi usiyoweza kumweleza kwa tarakimu.

Wengine mnasoma haya mkiwa mmeshachelewa. Malipo mawili yamepita, simu zinalia, nawe umeanza kulificha gari kwa shemeji. Usilifiche. Kile kifaa cha kufuatilia kinaonyesha lilipo, na kulificha kunawapa neno la kukushtaki. Nenda ofisini kwao kabla hawajakujia, mchana, pamoja na mtu mmoja wa kushuhudia. Omba taarifa kamili ya akaunti yako: ulichokopa, ulicholipa, riba, faini, kilichobaki. Linganisha na ujumbe wa M-Pesa mmoja baada ya mwingine. Usiufute hata mmoja mpaka logibuku iwe mkononi mwako. Hesabu kama umefika theluthi mbili. Omba kwa maandishi kupangiwa upya, taja kiasi unachoweza kulipa katika ule mwezi wako mbaya, ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Kama gari limeshachukuliwa, andika siku hiyo hiyo kuuliza liko wapi, litauzwa lini na linathaminiwa ngapi. Kama umeonewa, Kituo cha Sheria kimekuwa kikiwasaidia wasio na uwezo jijini hapa tangu 1973. Mahakama za madai madogo, zilizoanza kazi mwaka 2021, zinasikiliza madai ya hadi shilingi milioni moja, na unaweza kusimama mwenyewe bila wakili. Nenda na mkataba, taarifa ya M-Pesa na ile barua yenye muhuri, na uwe na jumla yako imeandikwa juu ya ukurasa wa kwanza.